Lugha ya Mezani Koboko

Binti yangu alikuwa na miaka sita siku alipoisukuma sahani ya ugali wa muhogo, akafuta mikono kwenye gauni na kusema, "Nimelala." Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya bati, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. Nilimuuliza ni usingizi gani huo wa mtu anayeongea. Akanieleza kwa subira, kana kwamba mimi ndiye mtoto, kwamba kulala ni kuacha. Baba ndivyo anavyosema. Ukipewa karata mbovu unazitupa, unasema umelala, na hakuna wa kukuuliza tena. Nilimwambia kwamba katika nyumba yangu ugali haulaliwi, ale. Alikula, lakini mimi hamu ya chakula ilinikatika palepale.

Nyumba yenyewe iko Oli, ukingoni mwa mji wa Arua, kaskazini mwa Uganda, karibu na mto. Ni vyumba viwili, choo cha nje, na kipande cha ardhi ambacho ukitupa jiwe linaangukia kwa jirani. Matofali tuliyafyatua wenyewe, mimi nikikanyaga udongo na mimba ya huyo binti tumboni, mume wangu akichoma. Nayataja haya mapema ili ijulikane nilikuwa nagombania nini. Sikuwa na shamba, sikuwa na kaka wa kurudi kwake, na kwa marehemu baba yangu wanakaa watu wengine. Nilikuwa na hiyo nyumba.

Biashara yetu ilikuwa maharagwe. Mimi nilikwenda soko la Inde kununua kwa wakulima, na kila gunia nililimwaga chini kwanza kuhakikisha hawajajaza mchanga kitakoni. Mume wangu aliyapeleka Koboko, mji wa mpakani, ambako wafanyabiashara wa Sudan Kusini walikuja kununua na kuvusha. Tulikuwa wazuri katika kazi hiyo. Yeye alijua kuongea na watu, mimi nilijua kutowaamini, na kwa hayo mawili tulikula na kuvaa.

Kisha mambo ya mpakani yakawa ya leo ndiyo, kesho hapana. Mara barabara ya upande wa pili si salama, mara pauni yao imeporomoka tena na mnunuzi anaomba asubiriwe mpaka itulie. Malori yalipanga mstari, na wenye mizigo walikaa mchana kutwa wakitazama vumbi. Wanaume wakikosa la kufanya mahali pamoja, usitarajie kwamba wataanza kusali. Ingawa aliyeanzisha mambo yote alikuwa mtu wa kanisa.

Alikuwa mwenye stoo tuliyokuwa tukiweka magunia yetu, Msudani Kusini, mrefu, mpole, mzee wa kanisa anayepitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili. Kabla ya kukimbilia Uganda alikuwa mpishi Juba, kwenye kambi ya wageni, na huko jikoni ndiko alikojifunza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau. Alikuwa na karata za plastiki ambazo alizipangusa kwa kitambaa kabla na baada ya kucheza. Aliwafundisha wenzake nyuma ya stoo, juu ya meza ya mbao za kreti, ili siku iishe. Mwanzoni walichezea biskuti. Sina ugomvi na biskuti.

Wale wageni wa Juba walikuwa na maneno yao ya mchezo, lakini hayakuvuka mpaka. Meza ya Koboko ilitunga yake, na iliyachota kazini. Mume wangu alinifundisha akiwa na furaha tele, akipanga vifuniko vya soda sakafuni badala ya karata. Kila mchezaji ana karata mbili anazozificha. Katikati ya meza zinafunuliwa tatu za wote, na hizo zinaitwa soko, kwa sababu kila kitu kimeanikwa na kila mtu anatazama. Ya nne inaitwa kona. Ya tano ndiyo ya mwisho, inaitwa mpaka, maana hapo ndipo unajua kama mzigo wako umepita au unarudi nao nyumbani. Kabla ya kila kituo mtu anaongeza dau, au anasema "naona" na kuweka sawa na mwenzake, au analala. Akiweka vyote alivyonavyo kwa mara moja, amemwaga gunia. Akijitapa kwa karata kubwa asizonazo, amepakia mchanga.

Hilo la mchanga lilinichekesha mpaka nikashika mbavu. Sikatai, nilicheka. Maneno yalikuwa yetu, ya Inde na Koboko, na nilijiona mjanja kwa kuyaelewa haraka. Tukaanza kuyatumia nyumbani. Nikisema chumvi imekwisha, aliniambia, "Umepakia mchanga, tazama nyuma ya mtungi." Akiniomba nimkande mgongo, nilimjibu, "Naona." Mtoto akayaokota yote, na ndivyo yalivyofika kwenye sahani yake.

Kulikuwa na sheria moja ambayo mume wangu aliisimulia kwa heshima kuliko zote. Mezani ni Kiswahili tu. Wachezaji walikuwa Walugbara kama sisi, Wakakwa, Wasudani, na Mkongomani mmoja mfupi aliyeleta mafuta ya mawese kutoka Ariwara. Mkakwa ana ndugu katika nchi zote tatu. Mlugbara ana ndugu Kongo. Wasudani wana Kiarabu chao cha Juba. Wawili wakinong'ona kwa lugha yao, wa tatu anaibiwa. Kiswahili hakikuwa cha mtu yeyote pale, wote walikivunja sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyemzidi mwenzake. Na adhabu ilikuwa moja. Ukiwa na karata mkononi na lugha ya mama yako ikakuponyoka, hata neno moja, umelala. Karata zako zinatupwa, ulichokwisha kuweka mezani kimekwenda, na hakuna rufaa.

Niliiona sheria hiyo ikifanya kazi siku nilipompelekea mume wangu chakula. Dereva mmoja Mkakwa alikuwa amekamata karata zake vizuri, anatabasamu, simu ikalia. Akaipokea na kusema maneno mawili kwa Kikakwa. Mwenye stoo akanyoosha mkono na kuzichukua karata zake taratibu, kama mtu anayemwondolea mgonjwa sahani.

"Wewe nalala," akasema.

"Bibi ndio napiga simu," dereva akalalamika. "Mtoto iko gonjwa."

"Pole sana, ndugu yangu. Mungu atasaidia mtoto. Lakini wewe nalala."

Yule Mkongomani akanigeukia, maana aliona nimekunja uso. "Mama, Swahili haina mama hapa. Ndio iko sawa kwa kila mutu."

Niliwajibu kwamba mchezo unaomkataza mtu kumjibu mkewe ni mchezo wa wapumbavu. Walicheka. Kiswahili changu nilikianza kwa baba, aliyekuwa askari, nikakimalizia Kitale, Kenya, kwa shangazi aliyenisomesha, na masikioni mwao kilikuwa kichekesho. "Huyu mama naongea kama redio," dereva akasema, na hasira yake ikaisha hapo. Mume wangu alicheka pia. Alinitazama kwa fahari, na mimi nikasamehe kila kitu, mjinga mimi.

Baada ya biskuti walichezea soda, baada ya soda maharagwe. Kifuniko kimoja cha chupa kilikuwa gunia moja. Sitaki kuhesabu yaliyokwenda. Baiskeli ilikwenda, redio ilikwenda, kuku walikwenda wote pamoja na jogoo, na mtaji wa Inde ulipungua mpaka wakulima walioniita dada wakaanza kunipita kimya. Mume wangu hakuwa mlevi, wala hakunipiga. Ningejua la kumfanya mlevi. Alirudi nyumbani na kuniambia kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu kwamba alikuwa amechemka, kwamba mtu aliyechemka hucheza vibaya, kwamba sasa amepoa na atarudisha kila kitu. Hata ugonjwa wake ulikuwa na jina lake la mezani.

Nilifanya yote ambayo mwanamke hufanya. Nililia, nikanyamaza, nikamnyima chakula, nikampikia majani ya kunde kwa simsim kama anavyopenda. Nilimwita mchungaji, akaja, akasali, akanywa chai, naye mume wangu akamwuliza kwa adabu kama ni dhambi kusubiri gari ukiwa umeshika karata. Nililala kitandani macho yakiwa juu ya bati nikijiuliza ni kipi kingine alichobaki nacho cha kuweka mezani. Nilikijua. Niliogopa hata kukitaja moyoni.

Hapa lazima nieleze juu ya jina la mume wangu. Kwetu mama humpa mtoto jina kutokana na yale anayopitia wakati wa kuzaa, na akina mama wengi walipitia mabaya. Mama mkwe wangu alimpa mwanawe jina la namna hiyo. Si jina la kupendeza, na kanisa na shule vilimpa mengine. Mimi humwita baba wa binti yetu, na jirani vivyo hivyo. Lile la kwanza lilibaki kinywani mwa mama yake peke yake. Alikuwa akisimama mlangoni kwake Pajulu na kumwita, si kwa kelele, akiivuta sauti kidogo mwishoni, na mume wangu aliitika kutoka popote alipo. Nilimwona siku moja, mwanamume mwenye ndevu, yuko katikati ya mazungumzo mazito na wajomba zangu, akaitika kwa kile kineno kifupi ambacho mtoto wa Kilugbara humjibia mama yake, kabla hata hajajua kwamba amefungua mdomo. Wajomba walicheka, yeye akaona aibu, akaenda.

Mama huyo alifariki na tukamzika Pajulu. Tulipotoka kaburini mume wangu aliniambia, "Sasa hakuna wa kuniita." Nilijua anamaanisha nini. Tangu hapo sikumsikia mtu akilitamka jina lile, na mimi nisingethubutu.

Asubuhi ya siku ninayoisema nilifungua sanduku nikitafuta kadi ya kliniki ya mtoto. Bahasha ya plastiki yenye karatasi ya mauziano ya kiwanja chetu haikuwepo. Nilitoa nguo moja moja. Nilikung'uta blanketi, nikainua godoro, nikatazama ndani ya sufuria kama mwendawazimu, huku najua tangu mwanzo kwamba haipo. Yeye alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Koboko, na nilikumbuka kwamba alikuwa amevaa shati la kanisani, lile lenye mfuko mkubwa kifuani.

Nilikimbia kwa mwenyekiti wa kijiji. Alinisikiliza vizuri, mkono kidevuni.

"Mumeo ameuza?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi mimi niingie wapi? Akiuza bila wewe kukubali, njoo. Hapo sheria iko upande wako."

Nilimwambia kwamba hapo mwenye stoo atakuwa ameshaweka magunia yake chumbani kwangu, na mimi na sheria tutakuwa tumekaa nje pamoja. Akasema nisiwe na maneno makali. Nilimwachia jirani mtoto, nikaenda barabarani, nikasimamisha lori la simenti. Dereva alinipandisha mbele bila kuniuliza swali, nadhani kwa jinsi alivyoniona. Njia nzima nilisali sala moja tu, kwamba nimkute bado hajafika mpaka.

Nilipoingia nyuma ya stoo walikuwa wanne mezani, lakini wawili walikuwa wameshalala na wamekunja mikono. Waliobaki ni mwenye stoo na mume wangu. Soko lilikuwa wazi, na kona pia. Karata moja tu ilibaki ya kufunua. Vifuniko vyote vya mume wangu vilikuwa tayari katikati ya meza, ndiyo kusema maharagwe yetu yote yaliyokuwa stooni, na kando yake mwenye stoo alikuwa amesukuma lundo ambalo mume wangu hangeweza kulifikia hata tungenunua Inde nzima.

"Naongeza," mwenye stoo alikuwa akisema. "Wewe naona ama nalala? Kama kitu hapana, lala tu. Aibu hapana."

Mume wangu alitia mkono mfukoni mwa shati. Niliona ukingo wa ile plastiki.

"Kitu iko," akasema.

Nilikwenda mpaka nyuma yake. Niliongea Kiswahili, maana nilijua nilipo. "Baba wa mtoto, twende nyumbani."

Hakugeuka. "Mama, ngoja. Karata moja tu."

"Hiyo iliyo mfukoni ni nyumba. Mtoto wako analala humo."

"Najua."

"Nakuomba. Nakuomba mbele ya hawa watu wote."

Mwenye stoo alishusha macho. Ni lazima niseme ukweli juu yake, hakuwa na furaha. "Ndugu, sikia mama," akasema. "Maharagwe iko kwenda, lakini nyumba iko. Lala."

"Mimi nachoka kulala," mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, na jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa shati lote. "Kila siku mimi nalala. Kila siku nyinyi nasema, wewe nalala. Leo namwaga gunia."

Mkono ukatoka mfukoni na ile bahasha. Kati ya kifua chake na meza kulikuwa na nafasi ya kupitisha sahani, si zaidi, na nilijua kwamba karatasi ikishagusa mbao haitarudi, kwa sababu niliwajua watu wale, walikuwa waaminifu kupita kiasi katika mambo yao ya kijinga. Ningeweza kumrukia. Wangenishika, wangenitoa nje kwa heshima, na karatasi ingebaki. Machozi hayakuwa yamesaidia, wala Kiswahili changu cha redio.

Nilimwita kwa jina lile. Nilimwita kwa Kilugbara, si kwa kelele, nikiivuta sauti kidogo mwishoni kama nilivyomsikia mama yake akifanya mlangoni kwake.

Aliitika.

Lilikuwa lile neno moja fupi. Lilimtoka wazi, na uso wake ukainuka pamoja nalo. Hakunitazama mimi. Alitazama mlango, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona juu yake kabla wala baadaye. Kisha akaona kwamba mlangoni hakuna mtu.

Mkongomani alijishika kichwa. Mwenye stoo akanyoosha mkono.

"Nasikia lugha ya mama," akasema. "Pole, ndugu yangu. Wewe nalala."

Alizichukua zile karata mbili bila kuzifunua akaziingiza katikati ya nyingine. Mkongomani akamsihi afunue angalau ile ya mwisho, watu waone tu. Mwenye stoo akakataa. "Mutu nalala, mpaka hapana fungua," akasema, akalichanganya lile fungu lote na kuanza kuzipangusa karata kwa kitambaa. Kwa hiyo sijui. Labda mume wangu alikuwa amepakia mchanga. Labda alikuwa na karata ambazo zingeturudishia maharagwe, baiskeli, redio na stoo ya watu juu yake. Niliitoa bahasha vidoleni mwake, wala haikuwa kazi, vidole vilikuwa vimelegea.

Nje nilimwambia kwa Kilugbara kwamba tutaanza tena, kwamba wengine wameanza na vichache kuliko hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Gari iko wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Nilidhani ni hasira, na hasira huisha. Nilikuwa tayari kwa hasira. Nyumbani alikula, akamshika mtoto mapajani na kumsimulia hadithi kwa Kilugbara, na mtoto alicheka. Nilipomuuliza kama ataoga, alinijibu, "Maji iko moto?" Kesho yake hivyohivyo, na wiki iliyofuata hivyohivyo. Hakunitukana, hakunisusa. Karata hakuzishika tena, na mtu akimtajia Koboko anatikisa kichwa. Sasa anafyatua matofali ya watu wengine huko chini mtoni, na pesa yote anaiweka mkononi mwangu. Majirani wananiambia nimebahatika kwa mume aliyetulia. Kwa majirani anaongea Kilugbara. Kwa mchungaji, kwa binti yetu, kwa mbuzi wa jirani akiingia kwenye mboga, ni Kilugbara. Kwangu mimi ni Kiswahili kile cha nyuma ya stoo, kilichovunjika, anachokitumia na watu ambao lazima awe macho akikaa nao.

Nilimpelekea shangazi yake wa Pajulu malalamiko. Alikuja, akamuuliza kwa nini anaongea na mkewe kama na mpita njia. Akamjibu shangazi kwa heshima, kwa Kilugbara safi, kwamba hana ubaya wowote na mimi. Kisha akanigeukia na kusema, "Mama, chai ya shangazi iko?" Shangazi alinitazama, mimi nikaenda kuchemsha chai kwa sababu sikuweza kubaki pale.

Wakati mwingine nakasirika. Najiambia kwamba nililipa bei na nyumba iko, bati iko, mtoto analala pakavu, na kama asiyejua kushukuru ni yeye basi na awe. Ningerudi siku ile ningefanya vilevile, na atakayeniuliza kama najuta aje aniulize mvua ikinyesha. Lakini pia najua nilichofanya. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha mama yake, na hakukiweka mezani yeye. Nilikiweka mimi. Nilimwita kwa sauti ya marehemu ili akose karata mbili, na aliamini, hata kama ni kwa muda wa kugeuza shingo.

Mwezi uliopita mvua ilimharibia matofali mabichi yote. Asubuhi alikaa kizingitini akiwa ameshika viatu, havai, anatazama tu uwanja. Nilimsemesha kwa Kilugbara kuhusu uji, kuhusu mtoto, kuhusu kitu chochote. Alinijibu moja moja, iko, hapana, baadaye. Kisha akavaa viatu na kuinuka, na mgongo wake ulipokuwa unakwenda nilishindwa kuvumilia. Nilisimama mlangoni mwa nyumba ile, nikashika mwimo, nikamwita kwa jina lile. Sikuiga sauti ya mtu. Nilimwita kwa yangu.

Alisimama. Niliona mabega yakipanda, na nilisubiri kile kineno kifupi, nikijua kwamba hawezi kujizuia, hajawahi kuweza. Binti yetu aliacha kufagia akamtazama.

Hakuitika. Aligeuka polepole, akanitazama vizuri, bila hasira yoyote.

"Mama," akasema, "mimi nakuja jioni."